Leo Tunamwaga Sakafu Chumbani Kwako

Mama,

Mjukuu wako ameichukua kamba ya fundi sasa hivi, ile aliyoivuta kutoka kigingi hadi kigingi kupimia usawa, akajizungushia kiunoni mara tatu kama shanga, akaanza kukatika. Vigingi vyote vinne vimeng'oka. Fundi Maganga alimtazama, akaweka mwiko chini, akasema huyu mwali amecheza kabla ngoma haijawambwa, sasa itabidi aanze kupima upya, na mimi nikae pembeni nisimchanganye. Nimemkabidhi mtoto kwa mama mkubwa, nimekaa kwenye ngazi ya mawe ya nyuma, nimefungua daftari lako la kisomo cha watu wazima. Kurasa sita za mwanzo ni zako. Jina lako, Zuhura, Zuhura, Zuhura, herufi zinapanda kama zinatoka mtoni na ndoo kichwani. Zilizobaki nyeupe ndizo hizi ninazoandikia.

Sijui nianzeje. Shuleni, kule nilikoishia darasa la nne, tulifundishwa barua inaanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Hofu juu yako imekwisha, mama. Imebaki kwetu huku. Na uzima ninao, ila nimechoka. Uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Nikwambie kwanza lililotufika. Chumba chako cha chini kiliingia maji. Wewe mwenyewe unajua baba alivyokijenga: alikichimba ndani ya mlima, chini ya chumba cha mbao, apate pa kuwekea magunia ya korosho zamani zile akinunua na kuuza. Ukuta wa nyuma ni mlima wenyewe uliozibwa kwa mawe. Miaka yote mvua za Kisarawe zilinyesha, maji yakapita pembeni yakaenda zake bondeni. Mwaka huu mikorosho ya mteremkoni ilikatwa kupisha shamba la kijiji la mihogo, na masika ilipoanza, maji hayakuwa na wa kuyashika. Yakaja moja kwa moja kwetu, kama mgeni anayeijua nyumba.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa juu, chumba cha mbao, nanyonyesha. Nikasikia chini yangu maji yanamwagika, yanatulia, yanamwagika tena. Mama, sikushuka. Mtu mwingine angeruka. Mimi nilikaa pale pale na titi mkononi, kwa sababu niliijua sauti ile.

Siku uliyotutoka, kiangazi cha mwaka jana, nilikuwa na siku kumi na nane za uzazi. Wanawake walisema mzazi hasogelei maiti, kitoto kitapatwa na baridi yake, wakanifungia chumba cha mbao na Zuhura mdogo, wajina wako, ambaye ulimcheka siku ya kupewa jina ukasema mmeniazima ningali hai. Sebuleni ni saruji ngumu ya baba, haichimbiki. Chumbani ni mbao. Kwa hiyo ufuo, lile shimo la kupokea maji anayooshwa maiti, wakauchimba chini, chumbani kwako, katika udongo uliokuwa ukiusiriba kwa mikono yako. Nikasikia kila kata iliyomwagwa juu yako. Nikajaribu kuhesabu, nikapotea. Maji, kimya, sauti ya mama mkubwa akisema geuza, maji tena. Kisha wakakutoa kwa mlango wa chini, na makaburini sisi wanawake hatuendi. Sikukushika. Sikukuona. Nilichobaki nacho ni ile sauti chini ya mbao, na baada ya arobaini yangu kwisha, doa la udongo laini, refu kama mkeka, pale walipofukia.

Nilikuwa nakwenda kukaa pale. Sikumwambia mtu. Nakaa tu, namnyonyesha mtoto, naweka kiganja chini.

Basi masika ilipotulia tukashuka. Maji yalikuwa magotini. Kitanda chako cha kamba kilielea hadi mlangoni kikakwama, kama kilitaka kutoka kikaona aibu. Tulichota siku tatu kwa ndoo, kwa sufuria, kwa lile bakuli la bati lenye maua. Maji yalipokwisha tukaona pa kwanza palipodidimia ni pale. Ufuo ulikuwa umefunguka, umekaa wazi kama mdomo. Mama mkubwa alitazama mara moja, akageuka akapanda juu, na siku hiyo hakula.

Mimi nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikafukia, nikaenda kuchimba udongo mwekundu, nikaukanda kwa miguu, nikasiriba nikirudi nyuma, mkono ukichora zile pinde ulizokuwa ukichora wewe kila Alhamisi alasiri ili Ijumaa ikute nyumba safi. "Nyumba ni chini, mwanangu, ukuta ni wa wapita njia." Nilikuwa nikikusikia kabisa. Lakini udongo haukukauka. Nilisiriba mara ya pili, mara ya tatu. Asubuhi naukuta umetoa jasho. Mkeka ukaota ukungu wa kijani.

Na juu hapakaliki tena. Mbao za chumba changu mchwa walikuwa wanazila kimyakimya, na mvua ikazimalizia. Siku moja mguu wangu ulipita mpaka goti, mtoto yuko mgongoni. Sebule anayo mama mkubwa na wajukuu zake wawili, wamejipanga kama sahani kabatini. Kwa hiyo tukashuka tukalala kwako, mimi na Zuhura, penye unyevu, na Zuhura akaanza kukohoa. Kikohozi cha mtu mzima kwenye kifua kidogo vile. Yule muuguzi mnene wa zahanati, uliyekuwa ukimwogopa, alimsikiliza mgongoni, akaniambia nisimlaze tena mahali pale, dawa ya kwanza ni sakafu kavu, za chupa zitafuata.

Mkweo Ramadhani akaja Jumamosi moja. Bado anafanya kazi karakana ya mbao Kibaha, bado yeye na wenzake wanaishi watatu chumba kimoja kule Kongowe, wanapokezana kitanda. Aliipapasa sakafu ya chumba chako kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali. Unamjua si msemaji. Alisema, "Nyumba ya mama naipenda. Lakini chumba kisipokauka kabla ya vuli, tunafunga mlango tunahamia Kongowe, hata kama ni kubanana." Nilijua ana haki. Na nilijua nyumba ya udongo na mawe ikifungwa mwaka mmoja, mwaka wa pili hakuna nyumba.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mama. Ama sakafu ya saruji, ama kufunga mlango wako.

Saruji siku hizi si ya kwenda dukani. Ni kibali. Ramadhani alifuata kibali tangu mwisho wa masika hadi kipupwe hiki, njoo kesho, njoo Jumatatu, aliyeshika muhuri amekwenda mkutanoni. Akapata mifuko mitano. Ikazungushwa kupitia Dar kwa lori la mbao, ikateremka hapa saa za alasiri, na mimi nikasimama naitazama kama nimeletewa mahari.

Fundi ni Maganga, yule Mnyamwezi, mtani wetu Wazaramo. Hujui alichokufanyia. Siku ya mazishi yako alijilaza kaburini, akasema shimo zuri namna hii hapewi Mzaramo bure, na asingetoka mpaka wamtoe kwa chochote. Wakampa, akatoka akijipangusa mchanga, akakulilia kuliko wote. Niliposimuliwa nilicheka, mara ya kwanza tangu ufe, nikacheka mpaka maziwa yakalowesha kanga.

Amekuja kuniuliza maji ya kuchanganyia yako wapi. Nimemwonyesha pipa. Naendelea.

Maganga alianza kazi vizuri. Akachimbua udongo wangu wote wa kusiriba, akaweka kokoto, akazishindilia, akamwaga zege. Alipofika pale pako, mama mkubwa akashuka ngazi, akasimama juu ya ule udongo laini kwa miguu yake miwili. Akasema hapa humwagi. Hakueleza. Maganga akamtania kidogo, akaona hacheki, akazungusha zege lake kando, akaacha uwazi mrefu kama mkeka. Kisha akanivuta nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sakafu yenye tundu ni chandarua chenye tundu, mbu mmoja anatosha. Unyevu wote wa mlima utapita hapo. Nitakuwa nimepoteza saruji na mtoto ataendelea kukohoa.

Nikamwambia aache kwanza. Mama, nilifurahi. Ndani kabisa nilifurahi kwamba kuna mwingine aliyekataa, nisiwe mimi.

Kabla hajaondoka alituagiza tuimwagilie sakafu, asubuhi na jioni, siku saba. "Zege ni kama mzazi," alisema, "siku za kwanza usimnyime maji." Nikamwagilia. Kila jioni nalijaza maji linang'aa, kila asubuhi nalikuta kavu kau kau. Nikasema kumbe zege lina kiu hivi. Siku ya nane Maganga akarudi, akakwaruza kwa msumari, likatoka vumbi kama unga wa muhogo. Akanitazama. Akauliza nani aliyelinyima. Nikaapa kwamba nimemwagilia, yeye akasema basi Wazaramo mna maji ya kukausha. Nilikasirika sana, mama, nikaenda kulia jikoni, na sikuwa nalilia zege. Ilibidi aikwangue ngozi yote ya juu, aimwage upya, ukaenda mfuko wa nne.

Kesho yake nikaamka alfajiri, wakati ule majogoo wa jirani wanabishana, nikashuka kwa mlango wa chini. Nikamkuta mama mkubwa amepiga magoti na kaniki yake kuukuu, anafyonza maji kutoka kwenye zege, anakamulia kwenye ndoo. Sakafu yote ilikuwa imekwisha, amebakiza kipande cha dirishani. Kwa umri ule, mama, na magoti yale yenye baridi yabisi.

Nikamwuliza anafanya nini.

"Nakausha."

"Mama mkubwa, fundi amesema lisikauke."

"Fundi hakumwosha," akasema. "Mimi nilimwosha."

Akaendelea kukamua. Nikakaa chini pembeni yake. Akasema bila kuniangalia, "Nilichimba kifupi."

Sikuelewa. Akarudia. Akasema ardhi ilikuwa ngumu, kiangazi kile, jembe linaruka linarudi, jua linakwenda, wanaume wako nje wanagonga mlango wanasema maiti asilale. Akachimba mpaka hapa, akanionyesha katikati ya muundi wa mguu, akasema inatosha. Haikutosha. Maji yako yalijaa, yakafurika, yakaja mpaka kwenye nyayo zake. Mwenzake aliyekuwa akimsaidia alifumba macho. Wakafukia matope yakiwa bado yanachuruzika, wakanyamaza. "Maji ya mdogo wangu," alisema, "niliyakanyaga. Na haya ya masika yamepita mlango ule ule. Sasa wewe kila jioni unayajaza tena, asubuhi nayaona yamelala hapo, unataka nifanye nini?"

Nilimwambia habari za mikorosho, kwamba ni mteremko, kwamba hata nyumba ya jirani iliingia maji na pale hapajafa mtu. Akasema, "Mikorosho ni yenu. Mimi najua nilichochimba."

Sasa nikwambie ukweli, mama, kwa kuwa huwezi kunichapa. Miezi yote hii nilikuwa namwonea wivu. Nikimwona anachambua mchele nasema mikono ile ilimshika mama yangu mara ya mwisho, mimi nilipewa kusikiliza tu. Nilikuwa nampa chai bila kumtazama. Na yeye kumbe ndicho kilichokuwa kinamla. Tulikuwa tunaishi nyumba moja, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye bahati.

Nikajaribu kuichukua ile kaniki mkononi mwake. Hakunipa, tukaishika wote wawili, ujinga mtupu, watu wazima wanagombania tambara. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo nadhani alisimama nalo pale siku ya kwanza. Akasema, "Na mkiisha kumwaga saruji nyumba nzima, mimi mtaniosha wapi?"

Nikaiachia kaniki.

Asubuhi hiyo Maganga alipokuja kuangalia kazi yake nilimsimulia, maana mtani anaambiwa yasiyoambiwa ndugu. Nilidhani atamwendea taratibu. Wapi. Alisimama kwenye mlango wa chini, mikono kiunoni, akamwita mama mkubwa kwa jina.

"Bi Tatu. Nasikia ulichimba ufuo wa muundi. Kwetu hata kuku akitaka kutaga anachimba kuliko hivyo."

Nikasema leo fundi anapigwa kwa ndoo. Mama mkubwa akamtazama, midomo ikamtetemeka, nikaona anacheka. Alicheka, mama. Akamwambia ninyi Wanyamwezi hamna hata haja ya kuchimba, mnaoga mara moja mkizaliwa inatosha mpaka kufa. Halafu kile kicheko kikamgeukia, akalia pale pale amesimama, kwa sauti, kilio ambacho siku ya msiba hakulia kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya.

Maganga akamsubiri. Alipotulia akaenda akaleta sururu yake, akampa. Akamwambia basi achimbe sasa, mlango haugongwi, jua bado liko huku. Akasema yeye mwenyewe tangu mwanzo alitaka pale pachimbwe, maana maji ya mlimani yakikosa pa kuzama yatainua hata saruji: shimo refu, mawe makubwa chini, kokoto juu yake, ndipo afunike. Anachohitaji fundi na anachohitaji marehemu ni kimoja, alisema, ila Wazaramo mpaka mpelekwe shule.

Akachimba mama mkubwa. Siku mbili. Mimi natoa udongo kwa karai, Zuhura anaurudisha kwa viganja. Nilimwomba anipe sururu akakataa, Maganga akaomba akamtukana. Akichoka anakaa ukingoni, miguu ndani, anatema mate, anaendelea. Alifika magotini, akafika mapajani, siku ya pili Maganga akawa anampa mkono atoke. Kama ulikuwa na wasiwasi, hatukukuta kitu. Udongo tu, mwekundu, halafu wa manjano, halafu ule mweupe wa vilima vyetu ulioutumia kupaka kuta.

Alipotoka mara ya mwisho akaomba maji. Nikadhani ya kunywa. Akachukua kata, akamwaga shimoni, akainama kusikiliza. Yakazama. Akamwaga ya pili, ikazama. Ya tatu. Akasubiri sana. Akasema, "Sasa linatosha," akaenda kulala kutwa nzima, akiwa na udongo kwenye nywele.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana Maganga alipanga mawe, akaweka kokoto, akaziba kwa zege. Leo ndiyo niru, ile ngozi laini ya mwisho, na mfuko wetu wa mwisho.

Ikabaki rangi. Ramadhani alileta pakiti mbili za unga wa rangi, nyekundu na nyeusi, akasema chagua mwenyewe, chumba ni chako. Tangu lini nimechagua kitu, mama? Kanga nachukua iliyobaki. Maganga alinipakia vipande vitatu kwenye jiwe hili la ngazi nilipokalia: saruji tupu, nyeusi, nyekundu. Vimekauka, navitazama. Yeye anasema tupu ndiyo madhubuti, rangi ukiizidisha inaila saruji. Mama mkubwa anasema nyeusi, haionyeshi uchafu. Jirani amepita akasema nyekundu, ndiyo ya watu.

Mimi nikakumbuka magoti yako. Ile kazi uliyofanya zamani za Mwingereza, nyumba ya bwana wa boma, kusugua sakafu nyekundu kwa nta na kumbi la nazi kutoka chumba hadi chumba, ukitoka unaacha magoti yako mle ndani. "Sakafu nyekundu ina njaa ya magoti," ulisema, na nilikuwa nimekwisha kuamua nyeusi. Lakini kuna siku moja tu, tunapukuchua mahindi, ulinieleza ukicheka huku umeziba mdomo, kwamba siku ile bwana na bibi walipokwenda Dar, ulimaliza kusugua, ukafunga mlango, ukalala kifudifudi katikati ya sebule yao, shavu chini. Ukasema ilikuwa na ubaridi wa mtungi. Ukasema ulilala hivyo mpaka uliposikia gari, na shavu lilibaki jekundu siku nzima na hakuna aliyekuuliza.

Nimemwambia Maganga nyekundu. Lakini nikamwambia pia kwamba sitaisugua kwa magoti. Nitapiga deki nimesimama, ing'ae kadiri inavyotaka. Nataka tu Zuhura alale kifudifudi mchana wa joto asisikilize gari la mtu yeyote. Akaniambia vizuri, akapima unga kwa kifuu cha nazi, kimoja, na nusu, akasita, akaurudisha kidogo.

Anapiga niru sasa. Nausikia mwiko, sauti ndefu, anarudi nyuma akitokea dirishani. Kikohozi cha mtoto kimepungua tangu nilipomlaza kwa mama mkubwa, ni usiku wa nne hajaniamsha. Sisemi amepona. Nasema usiku wa nne. Ramadhani akija Jumamosi ataikuta nyekundu, atapapasa, na safari hii asijipanguse kwenye suruali. Vuli ikija itatujaribu. Nitachimba mtaro kule juu ya nyumba kabla, nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji aniruhusu kupita pembeni ya mihogo, amesema atafikiri, nami nitamkumbusha mpaka achoke kufikiri.

Nikuage, mama. Siwezi kukuaga vizuri, sijui maneno yake. Lala. Mlango wako sitaufunga. Na lile swali la dada yako nimelipatia jibu, sijamwambia bado, nakwambia wewe kwanza: siku yake ikifika, Mungu aisogeze mbali, nitamchimbia nje, pale nyuma ya jiko kwenye udongo laini, nitazungushia kanga, nitachimba mpaka kiunoni hata wanaume wagonge mlango wote uvunjike, na nitamwosha mimi, kwa mikono yangu, sitakubali kuambiwa kaa juu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nimeiandika kwenye daftari lako ili isifut

Ananiita mama mkubwa. Anasema fundi amemaliza kote, amebakiza pale tu, na hapo hapigi yeye wala mwingine, anamtaka mwenye mama ashuke ashike mwiko kabla niru haijakauka. Naja, nimewajibu naja. Mama, nashuka, nitaanzia upande wako wa kulia, taratibu, kama waosha maiti wanavyo